Fundi Aliyemvua Bi Ngao Nadhiri

Nianze na kinyongo changu, maana nisipokitoa mapema kitanikaa kooni hadi mwisho. Fundi, yule mshonaji wa sokoni Mwanga, alimvua shujaa wangu nadhiri mbele za watu, mchana kweupe, kwa kosa la kuongopa ili kuwaokoa watu wasio na hatia. Nimemsamehe mengi mzee yule. Gauni langu la Idi alinipa siku tatu baada ya Idi, nikamsamehe. Hilo la shujaa lilikataa kutoka moyoni.

Shujaa huyo aliitwa Bi Ngao, na alikuwa kifungo. Kifungo cha shaba, kilichotolewa kwenye koti la mitumba, na aliishi juu ya meza ya kukatia nguo ya Fundi kila Jumapili, tangu watu watoke kanisani hadi jua lipoe. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa darasa la tano, mwenyeji wa Ujiji mwenye akili zangu timamu, na nasema bila haya kwamba nilikipenda kifungo kile kuliko baadhi ya binamu zangu.

Fundi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Kazaliwa wapi, ukoo gani, sikuuliza. Miaka ile ilikuwa ni adabu kutomuuliza mkimbizi maswali ambayo makarani wa kambini walikwisha kumuuliza mara kumi. Nilimkuta ana kibali cha kukaa mjini kwa ajili ya kazi yake, cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, na binti mmoja, Kaneza, wa miaka kama kumi hivi. Mke sikumwona. Sokoni wote walimwita Fundi, na hata Kaneza akikasirika aliita kutoka uani, "Fundi, ugali unapoa!" Asipokuwa na hasira alimwita Baba.

Kinywani mwa Fundi daima mlikuwa na pini. Sijui alikunywaje chai, lakini alikunywa. Wateja wake walikwisha kuzoea lugha yake: "Mh" ni ndiyo, "Mh-mh" ni hapana, na "Mmmh" ndefu maana yake ni kwamba kitambaa ulicholeta hakitoshi, umenenepa, na anakuhurumia. Akitaka kusema jambo zito alizitoa pini zile moja baada ya moja na kuzichoma kwenye kola ya shati lake. Ukiona pini ya tatu imetoka, kaa chini. Kuna kesi.

Niseme pia kwamba alikuwa mwongo, kwa maana ile ya mafundi wote. "Njoo kesho" yake ilijulikana hadi Bangwe. Wanawake walikuja kesho, wakaja keshokutwa, wakaja na shangazi zao wenye midomo mikali, na Fundi akawapokea kwa heshima zote, akawapa kiti, akawaambia kesho. Siku moja nilimwuliza mtu anayehubiri ukweli kila Jumapili anawezaje kudanganya watu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

"Kesho ya fundi si uongo, Mwalimu," akasema. "Ni matumaini."

Kwenye drafti ndiyo usiseme. Alicheza na vizibo vya soda dhidi ya yeyote aliyepita, na kiwiko chake kilikuwa na akili kuliko kichwa cha mpinzani. Kizibo chako kilichokuwa salama kabla hajakohoa, akimaliza kukohoa kimeshahama. Ukimkamata alicheka hadi machozi, akakiri, na mchezo uliofuata akafanya vilevile. "Drafti haijashonwa," ndivyo alivyojitetea, na sisi wa Jumapili tulijua ana maana gani.

Maana yake ni hii. Siku moja robota la makoti ya mitumba lilifunguliwa hapo sokoni, na ndani ya mfuko wa koti moja kubwa Fundi akakuta kitabu. Juu yake palichorwa mtu aliyevaa chuma mwili mzima, amepanda farasi, anapigana na joka. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo na anaamua mtu wake atafanya nini. Penye mashaka, bahati ndiyo inaamua. Fundi alikuwa na Kifaransa cha shule, na kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo akamwita Karani wa bandarini, kijana mpole aliyejua Kiingereza cha makontena. Karani alitafsiri kila kitu kama mzigo. Joka, alisema, lisilazwe ubavu na liwekwe mbali na unyevu.

Kitabu kilitaka dadu yenye nyuso ishirini. Seremala mmoja wa mitumbwi kule Bangwe alijaribu kuichonga kwa mninga, ikatoka nzuri sana, ila kila ukiirusha inasema saba. Fundi akachukua vifungo ishirini vya shati, akaandika namba kila kimoja, akavitia kwenye soksi. Ukitaka kulipiga joka, unaingiza mkono kwenye soksi; namba ikiwa kubwa, umelipiga. Ramani alichora kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi, na mwendo alipima kwa futi kamba yake ya shingoni: inchi moja ni hatua mia. Tulikuwa wachezaji wanne. Karani alicheza mwizi, yeye ambaye hajawahi kuiba hata embe. Mama Neema, muuza dagaa, alicheza mwenye mtumbwi, kwa sababu alikataa kabisa kucheza mtu asiye na kazi. Kaneza alikuwa joka, na siku ambazo joka halikuhitajika alikuwa mamba, au mvua. Mimi nilikuwa Askari wa Nadhiri, Bi Ngao, kile kifungo cha shaba.

Askari wa Nadhiri, kwa mujibu wa kitabu, ni mpiganaji aliyeapa mbele za Mungu. Kiapo ndicho kinachompa nguvu: akimgusa mgonjwa, mgonjwa anapona. Akivunja kiapo, nguvu inaondoka, anabaki mtu wa kawaida aliyevaa chuma kizito. Lakini ukurasa wa masharti ya kiapo ulikuwa umelowa maji huko ulikotoka, na kati ya masharti yote lilisomeka moja tu: haongopi. Mengine yote yalikuwa madoa.

Mtu mwingine angesema basi, tucheze hivyohivyo. Fundi alikata kipande cha marekani, kitambaa kile kizito cheupe, akakitundika ukutani, akashona juu yake kwa uzi mwekundu: HAONGOPI. Kisha akatutangazia kwamba mengine tutayatunga wenyewe. Yeyote angeweza kuleta sharti, lazima wote tukubaliane, tukikubaliana, linashonwa. Na likishashonwa halifumuliwi.

Miaka mingi ya Jumapili zangu ilipotea hapo, na sijutii hata moja. Tulibishana kuhusu tabia za mtu asiyekuwepo kuliko watu wanavyobishana kuhusu mirathi. Nilileta "Hampigi aliyeangusha silaha," likapita bila kelele. Karani akaleta "Hapiti penye msiba bila kukaa." Mama Neema alimtazama yule wa kwenye picha akauliza, "Chuma chote hicho, akianguka ziwani je?" Likashonwa: AKIPANDA MTUMBWI AVUE CHUMA. Kaneza akadai sharti kwamba Askari asiue joka kabla ya kulisalimia. Tulicheka, halafu tukatazamana, halafu tukaona mtoto ana hoja, nalo likashonwa.

Sharti moja lilimtesa Fundi wiki nzima. Mama Neema aliuliza: Askari akikaribishwa kwenye nyumba yenye ugali wa mtu mmoja tu, ana njaa, aseme nini? Akisema ameshiba, ameongopa. Akisema ana njaa, anawanyang'anya watoto. Fundi akatoa pini zote tano. Jumapili hiyo hakutoa jibu. Jumatano nilipita kuulizia sketi yangu (kesho, akaniambia), nikamwona ananong'ona peke yake huku miguu inakanyaga cherehani. Jumapili iliyofuata alikuwa amekwisha kushona, bila hata kutuuliza: AKIKARIBISHWA, AONJE TONGE MOJA. Mama Neema alipiga vigelegele hadi wauza nyanya wakaja kuuliza nani ameolewa.

Ndivyo alivyokuwa. Mkali kama wembe kuhusu maneno ya kitambaa, na laini kuhusu mengine yote. Wajane aliwashonea sare za watoto wao na kuwaambia ni kitambaa kilichobaki, na hakikuwa kimebaki popote. Aliogopa kuku. Aliimba besi ya kwaya peke yake, bila sauti nyingine tatu, kwa hiyo nyimbo zake zilisikika kama mtu anayekubaliana na jambo. Hadithi zake zote, hata zikianzia milimani kwenye theluji, ziliishia ufukweni mwa ziwa kubwa, na watu wenye mizigo wakitaka kuvuka. Lakini ziwani kwenyewe, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni, sikuwahi kumwona akienda.

Sasa nifike kwenye kinyongo.

Siku hiyo Bi Ngao alikuwa amesimama ufukweni. Nyuma yake mtumbwi wa Mama Neema, na ndani ya mtumbwi, chini ya nyavu, watu kumi na tisa waliokimbia mfalme mbaya, pamoja na vitoto. Wakaja askari wa mfalme. Fundi ndiye aliyesema kwa sauti ya mkuu wao, na alikuwa na kipaji, nywele zilinisimama.

"Wewe uliyeapa, tunajua huwezi kudanganya. Umeona watu wakipita hapa?"

Sikufikiri. Nilisema, "Sijaona mtu. Nimeona dagaa tu."

Karani alipiga meza kwa furaha. Mama Neema alinikumbatia. Kaneza, ambaye siku hiyo alikuwa upepo, akavuma kwa nguvu mtumbwi uondoke. Soksi ikaletwa, nikatoa kumi na nane, askari wakaamini, wakaenda zao. Watu kumi na tisa wamepona! Nikageuka kumtazama Fundi anipongeze, nikaona pini ya kwanza inatoka kinywani. Ya pili. Ya tatu.

"Bi Ngao ameongopa," akasema.

"Nimewaokoa!"

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi, "umewaokoa. Na umeongopa." Akanyoosha vidole viwili, akakiondoa kifungo changu cha shaba kwenye ramani, na mahali pake akaweka kifungo cheupe cha plastiki, cha shati la shule. "Tangu leo akimgusa mgonjwa, mgonjwa atasikia mkono wa baridi tu."

Pakawaka moto. "Funika kombe mwanaharamu apite, Fundi!" Mama Neema alipaza sauti. "Hata mtoto analijua hilo!"

"Njia ya mwongo ni fupi, Mama Neema."

"Fupi, lakini imewafikisha ng'ambo!"

Karani, mpole, akasema labda Bi Ngao angenyamaza tu. Fundi akatikisa kichwa. "Angenyamaza, wangefunua nyavu."

"Basi ulitaka afanye nini?" nikamwuliza.

"Angeongopa. Mimi ningeongopa haraka kuliko yeye."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Liko palepale, Mwalimu. Watu wamepona, na nadhiri imekatika. Vyote viwili." Kisha, kwa upole ambao ulinikera zaidi, "Niletee hoja. Ukiniletea hoja ya kunishinda, nitamrudishia shaba yake siku hiyohiyo."

Nikaleta hoja. Nilileta hoja kwa zaidi ya mwaka. Nilimwambia askari wa mfalme ni waovu, hawana haki ya kuambiwa kweli; akaniuliza kitambaa kimesema wapi kwamba haongopi kwa watu wema tu. Nilikwenda hadi kwa maalim aliyenifundisha utotoni Ujiji, akanieleza kwamba uko uongo usiokuwa na dhambi, wa kupatanisha watu na wa kuokoa roho. Nikaipeleka hoja hiyo mbio. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa heshima. "Dini yako ina huruma, Mwalimu. Kitambaa hakina." Nilisema basi tushone sharti jipya, kwamba anaweza kuongopa kuokoa roho. Alisema tukilishona, litamsaidia atakayekuja, halimfikii aliyeongopa kabla.

Kuna jambo nililiona na sikulielewa. Kila nilipofika na hoja mpya alisimamisha miguu, akavuta kiti, akanitazama kama mgonjwa anayesubiri majibu. Nikimaliza, aliivunja hoja yangu kwa maneno mawili matatu. Hapo ungetegemea afurahi, maana kwenye drafti alifurahia hata ushindi wa wizi. Lakini uso ulimwanguka. Nilimdhania kiburi. Nilimwambia siku moja, "Fundi, wewe unapenda kuniona nimeshindwa." Alirudisha pini kinywani.

Ukaja mwaka ambao vibali vya mjini havikuongezwa na watu wengi walikuwa wakirudi kwao. Fundi akafunga cherehani kwenye blanketi. Kitambaa cha nadhiri alimwachia Mama Neema, ramani akaipata Karani. Mimi alinipa sketi yangu, imekamilika, na pindo zuri sana. Kaneza, sasa msichana mrefu, alilia. Mimi nilingoja hadi gari lilipoondoka, ndipo nikalia, tena kwa hasira, kwa kuwa Bi Ngao alikuwa bado plastiki.

Kule kwao hakukaa mwaka. Tulisikia amerudi upande wetu, ameweka cherehani Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka, ambako ukisimama mlangoni unaiona milima ya Burundi. Tulitumiana salamu kwa watu wa maboti. Miaka ikapita, nikawa mwalimu mkuu, nikaanza kuvaa miwani.

Halafu Kaneza akanipigia simu.

"Mwalimu, shikamoo. Jumamosi wanakuja kunichumbia, ni watu wazuri, wa hapahapa Kagunga. Lakini Baba hali chakula. Nikimwuliza anasema Mh-mh. Njoo uongee naye, wewe ndiye aliyekuwa anakusikiliza."

Nilipanda boti Kibirizi Alhamisi asubuhi, na kufikia adhuhuri nikamkuta kwenye kibanda cha mabati, amekonda, ndevu nyeupe, pini zake kinywani. Aliponiona alizitoa zote kwa mkupuo.

"Mwalimu! Nguo yako ni kesho."

"Sijaleta nguo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ni mazoea." Tukacheka, na kicheko chake kiliishia njiani. Akanivutia kiti, akakaa, akatazama nje kuelekea ziwani, ambako miaka yote ile hakutaka kutazama.

"Ni hapo," akasema. "Hapo penye mitumbwi. Siku tuliyovuka tulikuwa watu wengi, Mwalimu, kama mchanga. Mtu mmoja alikuwa na daftari, anaandika familia. Kulikuwa na mtoto ameshika mkanda wa begi langu. Simjui. Sijui alianza kuushika wapi. Watoto wasio na mtu walikuwa wanapangwa upande wa kule, peke yao, wanalia. Yule wa daftari akaniuliza, huyu ni wa nani? Nikasema wangu. Mama yake? Nikasema amekufa njiani." Akajifuta uso. "Sijawahi kuoa, Mwalimu. Nilimuua mke ambaye sikuwa naye."

Nikasogeza kiti changu karibu yake.

"Nilitafuta watu wake kambi nzima, miaka miwili. Hakuja mtu. Kila mwaka wanahesabu upya, wananiuliza upya, nami nasema wangu. Sasa Jumamosi wazee watauliza, msichana huyu ni wa nani. Sina ndugu wa kunisemea, lazima nisimame mwenyewe. Nikisema wangu, nimeongopa mbele ya watu wanaotaka kuwa ndugu zangu. Nikisema si wangu, namvunja moyo mtoto siku ya furaha yake. Mana yanje, Mungu wangu, nilikungoja miaka yote uniletee hoja. Hukuileta."

Ndipo nikaelewa ule uso ulioanguka kila nilipovunjiwa hoja. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa napigania kifungo na yeye alikuwa anapigania roho yake. Nikafikiri. Nje wanawake walikuwa wanaanua dagaa, na nilifikiri hadi walipomaliza.

"Fundi," nikasema, "Bi Ngao alisema hajaona mtu. Aliwaona?"

"Aliwaona."

"Akiishi miaka mia, maneno yale yatakuja kuwa kweli?"

"Oya, hapana. Aliwaona kumi na tisa."

"Wewe ulisema mtoto ni wako. Siku ile haikuwa kweli. Na kesho yake ulipompa uji? Na alipougua surua? Nani alimshonea sare, nani alimpeleka shule, nani alimfundisha kucheza joka? Maneno yako yalitangulia tu, Mzee, wewe ukayafuata kwa miguu hadi ukayafikia. Hakuna anayeapa jambo ambalo limekwisha kutimia. Bi Ngao aliongopa. Wewe uliapa."

Nilisubiri anivunje kwa maneno mawili kama zamani. Badala yake machozi yakamtoka, yakaingia kwenye ndevu, na chini ya machozi nikaona lile tabasamu la kiwiko cha drafti linakuja.

"Kwa hiyo Bi Ngao alistahili kuvuliwa," akasema.

"Fundi!"

"Hoja yako ndiyo inasema hivyo. Nataka nisikie."

"Alistahili," nikasema, na Mungu ananiona ilivyoniuma.

"Rudia, Mwalimu. Masikio yangu ya uzee."

Nikarudia. Akala ugali wote uliokuwa uani, na samaki, akaomba mwingine.

Kaneza alipokuja jioni hiyo kupima gauni lake, Fundi alimpandisha juu ya stuli, akapiga magoti kupanga pindo. Aliweka pini mbili. Ya tatu hakuiweka. Akazitoa kinywani moja moja, nami nikasimama nitoke, Kaneza akanishika mkono nisiende.

"Mwanangu," akasema, akitazama pindo, "siku ile ziwani..."

"Najua, Baba."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Nilikuwa mtoto, sikuwa jiwe. Najua nilishika begi la nani." Alikuwa anatabasamu na kulia pamoja. "Yule wa daftari aliniuliza na mimi, ulipokwenda kuchota maji. Akasema, yule mwenye begi ni nani wako? Nikasema ni baba yangu. Miaka yote naogopa ukijua niliwadanganya utanivua kama Bi Ngao."

Fundi alimtazama kutoka chini, mdomo wazi. "Ulikuwa hujui hata jina langu!"

"Ndiyo. Ningekuita nani?"

Sina haja ya kueleza yaliyofuata, ila pindo lile lilishonwa upya Ijumaa, kwa kuwa lilikanyagwa na watu watatu.

Jumamosi wakaja. Kwa desturi yao siku kama ile ni mchezo mkubwa wa maneno. Wageni wanaongea kwa mafumbo, na mzee wa upande wa msichana anatakiwa kuwazungusha: hapa hakuna msichana, mmepotea njia, labda nyumba ya pili, karibuni maji mwende zenu. Akikubali upesi anaonekana hamthamini binti yake. Wazee wa kijiji walikuwa wamemfundisha Fundi maneno ya kukataa tangu Jumatano. Kaneza alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ambako bibi arusi anatakiwa kukaa kimya.

Msemaji wao akasimama, mzee mrefu mwenye fimbo, akasafisha koo. "Tumepita njia ndefu, tumesikia kwamba katika nyumba hii kuna..."

"Yupo!" akasema Fundi, amekwisha kusimama. "Ni wangu!"

Mzee aliyeketi kando yake akamvuta koti akae. Watu wakaangua kicheko. Msemaji, mtu mwenye subira, akaanza tena tangu mwanzo, njia ndefu, wamesikia, akampa Fundi nafasi ya pili ya kusema hapa hakuna msichana.

"Yupo," akasema Fundi, kwa sauti ya besi, hadi maboti yakasikia. "Wangu."

Na nyuma ya pazia, kinyume cha desturi zote za pande zote mbili za ziwa, bibi arusi akajibu, "Ego!"